Siku Kinanda Kiliponyamaza

9 Machi

Mdogo wangu,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Wifi yangu mpe zake wewe mwenyewe, usimtume mtu. Sisi huku wazima kiasi. Kifua changu kimetulia tangu nilipohamisha kitanda kutoka dirishani. Sare za shule zimekwisha, sasa nimebaki na kazi ndogondogo, kubadilisha zipu na kupanua suruali za wanaume wanaodai kitambaa ndicho kilichosinyaa. Paa la chumba cha nyuma limeanza kuvuja tena, palepale ulipoahidi kupaziba ulipokuja kumzika shemeji yako. Nimeweka ndoo.

Nimekupigia simu wiki nzima. Anapokea msaidizi wako mwenye sauti ya asali, ananiambia Nabii yuko maombini. Asubuhi maombini, mchana maombini, jioni maombini. Nikamwambia mimi ni dada yake, nimembeba mgongoni huyo Nabii, akanijibu, "Amina mama, hata sisi tunamheshimu sana." Nikaona nisije nikamtukana mtoto wa watu. Ndiyo maana nimeandika kama zamani, na barua nimempa kondakta wa basi la kwenu, nikamwapisha aitie mkononi mwako, siyo mkononi mwa msaidizi.

Jambo lenyewe ni hili. Vidole amerudi nyumbani. Alishuka Alhamisi na begi moja, amevaa viatu vya kanisani, soli ya kushoto imebanduka. Nilimkumbatia akasimama tu kama nguo iliyotundikwa. Nikamuuliza kama anaumwa, akasema haumwi. Kama mmegombana, akasema mjomba hajagombana naye. Halafu akaingia chumbani na mpaka leo hajaniambia kitu. Anakula nikimwekea, analala nikimwambia. Yule mtoto tuliyempa jina la Vidole kwa kugongagonga kila meza iliyomkaribia, sasa mikono ameikalia.

Uliponiomba huyu binti miaka miwili iliyopita, uliniambia kanisa lako lina kila kitu ila mpiga kinanda, na kwamba atakaa kwako kama mwanao wa kuzaa. Nilikuamini, Bubu. Sasa niambie, kumetokea nini?

Dada yako


2 Aprili

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Bwana asifiwe sana. Barua yako nimeipata ingawa kwa kuchelewa, na kujibu nako nimechelewa kwa sababu ya kazi ya Bwana, maana tumekuwa na wiki ya maombi na watu walifurika mpaka nje ya lango. Lile ghala tulilokuwa tumepanga tumelipaka rangi na kuweka zulia jekundu kuanzia mlangoni hadi madhabahuni. Spika mpya zimefika. Ungeiona kazi hii dada, ungemtukuza Mungu. Wifi yako hajambo, anakusalimu, yuko na shughuli za akina mama.

Pole kwa kifua. Paa nalikumbuka, nitatuma mtu.

Kuhusu mpwa wangu, usiwe na wasiwasi. Vijana wa siku hizi wanachoka upesi, na huduma ina vita vyake ambavyo mtu wa nje haoni. Nilimshauri apumzike nyumbani kwa muda. Naomba usimbane kwa maswali. Mwache akae kimya, asome Neno, afunge na kuomba. Tena ikiwezekana asiende kupiga kinanda katika makanisa mengine ya huko kwa sasa, mpaka nitakapotoa mwongozo.

Nilitaka pia kukuomba unishonee joho jipya la kuwekea wakfu wachungaji, unajua kipimo changu, ila kiunoni uongeze kidogo. Hahaha.

Ni mimi mdogo wako, katika shamba la Bwana


14 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Wifi msalimu. Mvua imepungua, kazi ipo, jirani wa kulia amepata mjukuu wa kike na kelele zake zinatuamsha wote. Mtu wako wa paa hajafika.

Joho sitashona.

Jumamosi nilikuwa napiga pasi, nikabishiwa hodi. Mwanamke wa makamo, amechoka safari, mkononi ana sweta la Vidole alilolisahau kwako. Akajitambulisha kwamba ndiye aliyekuwa akisimama mlangoni mwa kanisa lako kupokea wageni, yule mnayemwita Mama Mlango. Vidole alipomwona alitoka chumbani akamwangukia kifuani, na hapo ndipo nilipomwona mwanangu akilia kwa mara ya kwanza tangu arudi. Nimepika chai, nimeketi, nimeyasikia yote. Wewe uliniambia nisimbane kwa maswali. Sasa najua kwa nini.

Mama Mlango kasema hivi. Jumamosi moja ulimzaba kofi dereva wako uani, mbele ya watoto, kwa sababu gari lilichelewa kutoka kuoshwa. Yeye aliliona. Akakufuata ofisini, akafunga mlango kwa heshima, akakwambia, "Mtumishi, hivi sivyo." Basi, hayo tu. Ukamshukuru, ukamwambia Mungu ambariki kwa ujasiri wake.

Kesho yake ukamwita mbele ya kanisa zima.

Mimi sijawahi kuliona kanisa lako, lakini amenieleza jinsi mnavyofanya. Wewe ukianza kuona maono, Vidole huingiza kinanda taratibu chini ya sauti yako. Ukiinua mkono, anapandisha. Ukishusha, anashusha. Watu wanasisimka, wengine wanalia kabla hujasema kitu. Siku hiyo kinanda kikaingia, nawe ukamwambia yule mama, na kipaza sauti mdomoni, kwamba mtoto wake alikufa kwa sababu ya ulimi wake. Mtoto aliyemzika mwaka jana. Mtoto ambaye wewe ulipewa habari zake faraghani, mama wa watu akiwa amepiga magoti anaomba faraja.

Hapo Vidole akaiinua mikono yake kwenye kinanda. Hakusema neno, hakuondoka kitini. Aliacha tu kupiga.

Mama Mlango ananiambia ukumbi ulinyamaza mpaka feni zikasikika. Ukaendelea kusema peke yako sentensi mbili tatu, na ndipo, anasema, watu walipoisikia sauti yako ilivyo. Anasema ilikuwa sauti ya mwanaume aliyekasirishwa. Hakuna zaidi. Mtu mmoja huko nyuma akakohoa, mwingine akacheka kidogo, na wewe ukakisikia hicho kicheko.

Ukageuka. Ukamnyooshea kidole mtoto wa dada yako, ukasema Bwana amekuonyesha roho chafu katika mikono yake, kwamba ameirithi kwa baba yake aliyekufa bila kubatizwa, na kwamba ametumwa kuifunga sauti ya Mungu. Watu wa viti vya mbele wakasogea nyuma. Mchumba wake, yule fundi wa spika uliyenisifia mwaka jana kwamba ni kijana wa maana, alikuwa amesimama penye mitambo yake anatazama nyaya. Hakuinua macho. Wazazi wake wakavunja uchumba kabla wiki haijaisha.

Bubu, baba yake ni mume wangu. Yule mwashi aliyekujengea chumba chako cha kwanza cha ibada kwa mikono yake, Jumapili zake zote za mapumziko, huku wewe ukishika Biblia kivulini unamwambia tofali limepinda. Huyo ndiye umemgeuza chanzo cha mapepo, naye hawezi kufufuka akajitetea.

Sitaki zawadi, sitaki mwongozo. Nataka usimame palepale uliposimama, mbele ya watu walewale, useme kwamba lile neno hukupewa na Mungu. Sema ulikasirika. Maneno manne au matano, yatosha.

Dada yako


20 Mei

Dada yangu,

Shikamoo. Natumaini kifua hakisumbui. Huku tunaendelea. Wifi yako ana homa kidogo, hatoki sana.

Barua yako imeniumiza. Niliisoma, nikaiweka, nikaisoma tena. Umepokea habari za upande mmoja kutoka kwa mwanamke mwenye uchungu wake, ukazimeza nzima nzima. Hukuniuliza mimi kwanza. Yaani mtu baki ndiye wa kuaminiwa kuliko damu yako?

Unanijua tangu utotoni, nikikasirika huwa nakuwaje. Hilo silikatai. Lakini mambo ya madhabahu yana utaratibu wake na mtumishi wa Mungu hahojiwi kama muuza duka. Vidole aliniaibisha mbele ya kundi langu. Angekuwa ana neno angeningoja nyumbani, akaniambia mjomba hapa umekosea, ningemsikiliza. Kwa nini afanye vile mbele za watu?

Hata hivyo moyo wangu si wa jiwe. Niko tayari kumwita tukaongea. Niko tayari kumnunulia kinanda chake mwenyewe, kizuri kuliko cha kanisa. Arudi kimyakimya, akae kiti cha nyuma kwa muda, watu watasahau. Fundi wa spika nitazungumza naye mimi.

Lakini hilo unalolitaka haliwezekani, na nakuomba unielewe. Nikisimama nikasema lile halikutoka kwa Bwana, yule mama niliyemwambia atapata mtoto atauliza, je, la kwangu lilitoka wapi? Kijana niliyemwambia asisafiri atauliza hivyo hivyo. Wewe ni fundi, unajua ukivuta uzi mmoja kinachotokea kwa nguo nzima. Watu hawa wameacha dawa za waganga kwa sababu yangu. Wengine ndoa zao zimesimama kwa neno nililowapa. Niwaangushe wote kwa ajili ya ugomvi wa nyumbani?

Niombee. Tangu Jumapili ile nimekuwa na ukavu fulani katika maombi, nadhani ni vita tu.

Mdogo wako


3 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba. Mpe pole wifi. Nimegundua homa yake huja kila unapokuwa umekasirika, mwaka jana ilikuwa hivyohivyo ulipogombana na mwenye ghala. Mwambie kwangu kuna kitanda. Mwambie hivyo hivyo nilivyoandika.

Nakujibu kuhusu uzi. Mimi mshono ukipinda naufumua, tena mteja akiwa amesimama mbele yangu anatazama, na aibu naipata. Nimefanya hivyo miaka yote, na watu bado wananiletea vitambaa vyao. Nafikiri wananiletea kwa sababu hiyo. Fundi wa kuogopwa ni yule anayekuambia nguo haina kosa, mwili wako ndio umepinda.

Usidhani nabishia kipawa chako. Wa kwanza kukiamini katika dunia hii ni mimi. Ulikuwa mtoto mdogo, umri wa kusema umekupita na neno huna, tukakuita Bubu, watu wakimwambia mama akupeleke hospitali. Ukaingia jikoni ukamshika mama nguo, ukalia, ukamvuta. Akakukemea, ukazidi kulia, mpaka akatoka nje ili akuchape vizuri. Ukuta wa jiko ukaanguka palepale alipokuwa ameinama. Nilikuwepo, vumbi lake nimelila. Tangu siku ile nimemwambia kila mtu kwamba mdogo wangu anaona.

Lakini kumbuka ulivyoona siku ile. Uliona ukalia. Ulimwogopea mama, ukakubali kuchapwa ilimradi atoke. Sasa unaona na kupiga watu, na wanaochapwa ni wengine. Kipawa ulipewa bure, hukukitolea jasho hata tone. Tabia ndiyo iliyokuwa kazi yako. Hasira, ulimi, mkono, namna ya kumtazama dereva, namna ya kumsikiliza mke, hayo ndiyo uliyoachiwa uyatengeneze mwenyewe, na hukuyagusa. Kila mwaka umeongeza spika. Moyo umeuacha vilevile ulivyokuwa ulipokuwa ukivunja vikombe kwa sababu chai imepoa.

Na usiniambie habari za waliopona kwa neno lako. Nafurahi wamepona. Je, huyu uliyemwumiza si mtu?

Acha nikwambie anavyoishi. Mchungaji wetu wa hapa, mzee mpole ambaye hajaona maono tangu azaliwe, alikuja mwenyewe kumwomba apige kinanda kwenye mazishi ya mwalimu. Vidole akakataa. Nikadhani anaogopa agizo lako. Usiku ule... hapana, ilikuwa mchana, tulikuwa tunashona vifungo, akaniuliza, "Mama, ule ukuta mjomba aliuona kweli?"

Nikasema aliuona.

"Na mama yule wa sokoni aliyeambiwa ana uvimbe, akaenda kupimwa ukakutwa upo. Mimi nilikuwepo siku hiyo, nilikuwa napiga. Lile nalo aliliona."

Nikasema pengine.

Akaitazama mikono yake, sindano bado imo. "Basi, mama," akasema, "na hiki pia?"

Umeelewa ulichofanya? Ungekuwa tapeli, tungecheka tukasahau. Ungekuwa muongo tangu mwanzo, mtoto angekufuta kama vumbi kwenye kiatu. Umetumia sauti ileile ya kweli kusema uongo, na sasa mwanangu hana mahali pa kushika. Nikimwambia mjomba wako alidanganya, ananiuliza kwa nini basi ukuta ulianguka.

Jibu liko kwako peke yako. Simama uliseme.

Dada yako


11 Julai

Dada!

Shikamoo! Bwana ametenda! Hata sikuweza kungoja, nimeandika jioni hiihii ya Jumapili.

Leo nimefanya ulilotaka. Nilisimama palepale, ukumbi umejaa, wengine nje wanachungulia madirishani. Nikalitaja jina la mpwa wangu. Nikawaambia Bwana amenena nami tena, amenionyesha binti yule akiwa amevaa nyeupe, na mikono yake imeoshwa ikawa safi kama ya mtoto mchanga. Nikatangaza kwamba roho ile imemtoka, amesamehewa, amefunguliwa, na asiwepo mtu wa kumnyooshea kidole tena. Dada, kanisa lililipuka! Watu wameruka, wamelia. Fundi wa spika alikimbia kutoka kwenye mitambo yake akaja akaanguka kifudifudi kwenye zulia. Wazazi wake wamenifuata ofisini baada ya ibada, wanasema uchumba urudi, watakuja kwako mwezi huuhuu.

Umefurahi sasa?

Nitakuambia kitu kwa sababu ni wewe. Nilipopanda madhabahuni nilikuwa na maneno mengine mdomoni, yale yako. Nilikuwa nimeyarudia rudia asubuhi mbele ya kioo. Nikaziona zile nyuso zinaningoja. Wewe hujawahi kutazamwa hivyo na watu wengi, hujui inavyokuwa. Yakatoka haya. Lakini si mwisho wake ni uleule? Jina la mtoto limesafishwa, uchumba umerudi, na kundi halikuyumba.

Wifi yako amekwenda kwao kupumzika kidogo.

Mdogo wako mwenye furaha


30 Julai

Mdogo wangu,

Sijambo. Wifi hayuko kwao. Yuko huku, chumba cha nyuma, nimeihamisha ndoo. Anakula vizuri na jicho limeanza kufunguka. Usimfuate.

Wazazi wa fundi wa spika walikuja, wamevaa vizuri, wana keki kwenye boksi. Wakaketi. Baba yake akasema wanamshukuru Mungu kwamba sasa ni salama. Nikamuuliza salama na nini. Akacheka kwa haya. Nikamuuliza, kilichomtoka binti yangu kilikuwa nini hasa, kilikuwa na rangi gani, kilikuwa kikimtafuna nani? Mama yake akaniambia taratibu, kama anamtuliza mgonjwa, "Dada, yamekwisha. Amesafishwa. Sisi hatukumbuki tena."

Hawakumbuki tena! Wamemsamehe! Mwanangu hakuiba, hakusema uongo, hakumdhuru mtu. Alimwona mwanamke aliyefiwa akichunwa ngozi mbele za watu, akakataa kuupamba huo unyama kwa muziki. Ndilo tendo safi kuliko yote lililofanyika katika lile ghala tangu ulipolipanga. Nawe umelisamehe.

Nilingoja Vidole awafukuze. Nilikuwa nimeshasimama kuwafungulia mlango. Bubu, alipiga magoti. Akawashukuru. Akasema anamshukuru Mungu na mjomba kwa kumkumbuka, maana alikuwa amekata tamaa, alijua kuna kitu kibaya ndani yake na hakujua kingetokaje. Akalia kwa furaha. Usingizi umemrudia. Anaimba akifagia. Umewahi kumwona mtu akishukuru kusamehewa kosa ambalo hakulifanya? Mimi namwona kila siku asubuhi.

Nilimsomea barua yako. Pale uliposema ulikuwa na maneno mengine mdomoni, nilipasoma mara mbili, polepole. Nikamwambia, umesikia? Alijua ukweli akaumeza. Akanitazama kwa huruma, akasema, "Mama, ni Bwana ndiye aliyembadilishia maneno." Hayo umemfundisha wewe. Hakuna mlango uliouacha wazi.

Anarudi kwako. Ni mtu mzima, siwezi kumfungia. Anapanda basi Jumamosi. Amesema atapiga kinanda na hatamwaibisha mjomba tena. Nimemshonea gauni la safari huku nikijidunga vidole kwa hasira. Wifi alijaribu kusema naye, akamwonyesha jicho. Vidole akamwambia atamwombea.

Nilikuwa nataka kanisa zima lisikie. Sasa sitaki tena kanisa. Sikuombi madhabahu, sikuombi kipaza sauti. Akifika, mkiwa jikoni wawili tu, anapoosha vyombo, mwambie neno moja: hukuwa na kitu. Hakuna atakayejua. Kundi halitayumba. Wasaidizi hawatasikia. Mwambie ulikasirika, na mikono yake ilikuwa safi siku ile kuliko yako. Kwangu mimi hatakubali. Kwako wewe atakubali, kwa sababu wewe unaona.

Nimekuomba makubwa ukanipa tamasha. Hili ni dogo, mdogo wangu. Nipe hili.

Dada yako


5 Septemba

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inawakuta salama wote hapo nyumbani. Sisi tunamshukuru Bwana. Jua limekuwa kali lakini tumefunga feni mpya. Mtu wa paa nimemkumbusha, amesema ana kazi nyingi, atafika.

Vidole alifika salama na amenenepa kidogo. Anasaidia jikoni kwa kuwa nyumba sasa haina mama, na anapika vizuri, umemlea. Arusi tumeipanga mwisho wa mwaka, nitaifungisha mimi mwenyewe.

Ile habari uliyoniagiza sijaisahau. Tumekuwa jikoni pamoja mara nyingi tu. Juzi nilifikia hatua ya kumwita, akageuka na mikono yenye povu, anatabasamu, "Naam mjomba?" Nikamwomba maji ya kunywa. Ana amani sana dada. Sioni faida ya kumvuruga mtoto ambaye ametulia. Siku ikifika, Bwana mwenyewe atasema naye.

Na huduma imeinuka tena, ule ukavu niliokuambia nadhani umekwisha. Jumapili iliyopita niliona jambo zito juu ya yule dereva wangu, ambaye amekuwa akipeleka maneno huku na huko, nikamwita mbele na kulisema lote. Alilia kama mtoto. Ungemwona mpwa wangu ungejivunia. Hakutetereka, hakuinua mikono hata kidogo. Alipandisha kinanda kabla sijampa ishara.

Wasalimie.

Mdogo wako